Mtihani wa Mbwa Mbele ya Tenga

Zamani zile wafalme nao walipokuwa wakilala njaa, ukame uliingia nyikani ukakausha hata matope. Wanyama wa kuwindwa walihama, wakabaki kanga tu. Lakini Mbwa kila aliponusa kanga alirukwa na akili, akabweka, na kundi zima likapaa kabla Simba hajafika.

"Kijana," Simba alinguruma, "jifunze kutulia. Vinginevyo, kesho si mwenzetu."

Mbwa alilia. Kwa Simba alikuwa na pa kulala na mfupa wa kuguguna. Kwingine angepata wapi? Akamkimbilia Sungura.

Sungura alileta tenga la kuku, akafunga kamba ndefu kwenye kifuniko, kisha akamwomba Mama Kwale akae ndani.

"Mnataka kumwinda nani?" Mama Kwale aliuliza.

"Kanga."

"Hao wanaotutimulia vumbi kila siku? Leteni mtama wangu, niingie!"

Basi kila asubuhi Fisi, aliyeajiriwa kwa makombo, alilificha tenga majanini. Mbwa akilinusa, alitakiwa asimame kimya, mguu mmoja juu, mkia umenyooka. Hapo Sungura alivuta kamba, kifuniko kikafunguka, na Mama Kwale, purrr, angani! Mbwa akimkimbiza, hapati mfupa. Alikosa mifupa mingi, maskini, mpaka miguu ikaelewa.

Siku ya mtihani Simba mwenyewe alikuja. Fisi alikuwa majanini peke yake na tenga, udenda unamtoka. "Ndege mmoja tu," alijiambia. "Nitasema ameruka." Akainua kifuniko, akatumbukiza kichwa. Mama Kwale alimparura pua, akapenya chini ya kidevu chake, akatokomea kwa miguu. Fisi kujitoa, wapi! Kichwa kimekwama, na kamba imemzunguka shingo. Aliposikia Simba anakuja, akajilaza kifudifudi.

Mbwa alinusa. Kulikuwa na harufu ya kwale, na nyingine mbaya ajabu. Akasimama, mguu juu.

Sungura akavuta kamba.

Tenga likapiga yowe! Likainuka na miguu minne, likamkumba Simba tumboni, likazunguka, likajibamiza kwenye mti, likapasuka. Fisi huyo, manyoya puani! Sungura alikuwa chini, hana mbavu kwa kicheko. Simba alikuwa juu ya kichuguu.

"Sikuruka," Simba alisema akishuka taratibu. "Nilipanda nione vizuri. Nani mwingine hakuruka?"

"Mimi, mzee," alijibu Mbwa, mkia ukitetemeka kwa kicheko alichokimeza. "Je, naweza kushusha mguu?"

"Shusha, mwanangu. Umefuzu! Hapa ni kwako."

Mbwa alibweka kwa furaha hadi sauti ikamkauka. Jioni hiyo aliwasimamia kanga kimya, Simba akawakamata, wakala wakashiba, na Mama Kwale akamwagiwa mtama tele. Fisi alikalishwa pembeni, tumbo tupu, akisuka tenga jipya huku harufu ya nyama ikimpitia puani.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.