Njia ya Kwenda Ziwa Kabindi

Ukisimama juu ya kilima cha Bugomora baada ya jua la asubuhi kukausha umande, bonde la Mto Kagera hulala mbele yako kama blanketi la kijani lisilo na mshono. Blanketi hilo ni mafunjo, marefu kuliko mtu mara mbili, yaliyosongamana hata upepo hupita juu yake tu. Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea ukingoni, wengi waliamini kwamba ndani ya mafunjo hamna kitu ila mafunjo mengine, viboko na mbu. Wachache walisema mna ziwa, na jina lake ni Kabindi. Lakini wavuvi waliokuwa wakienda huko walihama wakati wa vita vya Kagera na wengine wakafa, wakaondoka na njia yao.

Katika kijiji cha Bugomora aliishi mwanamke aliyeitwa Speciose. Wazazi wake walitoka Rwanda, naye aliolewa na Anastazi, mkulima mwenzake. Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye shingo iliyonyooka, na udadisi ulikuwa ugonjwa wake. Akiona siafu wanavuka njia, angewafuata mpaka ajue waendako, hata kama ugali ulikuwa jikoni. Rafiki yake mkubwa alikuwa jirani yake Kokubanza, Mnyambo mwenyeji wa hapo, binti wa mvuvi wa zamani. Wawili hao walikuwa chanda na pete mpaka siku ile ya kisimani.

Siku hiyo, wanawake wakisubiri zamu ya kuteka maji, Kokubanza alisimulia kwamba alipokuwa mtoto baba yake alimpeleka Ziwa Kabindi. Speciose hakuweza kuuzuia ulimi wake.

"Mama Kamugisha," alisema, "ziwa hilo uliliona ndani ya kibuyu cha pombe ya rubisi cha baba yako."

Wanawake walicheka hata wengine wakamwaga maji. Kokubanza alijitwika ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka. Tangu siku hiyo, wakikutana njiani kila mmoja alitazama upande wake.

Mwaka uliofuata mvua za vuli zilikata tamaa kabla ya wakulima. Maharage yalikauka yakiwa maua, na migomba katika vibanja ikainamisha majani kama wafiwa. Anastazi alikwenda Nyakasimbi kutafuta kibarua. Speciose alibaki na watoto ambao mbavu zao zilianza kuhesabika. Kila asubuhi alipanda kilimani kutafuta kuni, na huko ndiko alikowaona ndege.

Walikuwa mwari, ndege weupe wakubwa wenye mdomo kama mfuko. Walikuja kutoka kusini wakiwa wepesi, wakazunguka juu ya bonde, kisha wakashuka wote mahali pamoja katikati ya mafunjo. Jioni waliinuka tena, wakipiga mabawa kwa shida kama watu waliobeba mizigo. Speciose aliwatazama leo, akawatazama kesho.

"Ndege hawa hawali mafunjo," alijisemea.

Adhuhuri moja, jua likiwa utosini, aliona mahali pale pakimeta, kama mtu aliyegeuza kioo mara moja na kukificha. Ziwa lilikuwapo. Akamkumbuka Kokubanza, uso ukamwaka moto. Angeweza kushuka kilima na kwenda moja kwa moja kwake, lakini shingo yake haikuzoea kuinama. Akaazimia kuitafuta njia mwenyewe.

Kwanza alijaribu kwa miguu. Aligundua kwamba mafunjo hayakuota ardhini bali yalielea, mizizi ikiwa imefumana kama mkeka juu ya maji meusi. Mkeka ulitikisika kila alipokanyaga. Alitembea wima, akiinua shingo aone mbele, na kabla hajafika mbali mguu ulitoboa, akazama mpaka kifuani. Alijivuta kwa kushika mizizi, akarudi nyumbani amepakwa matope kama chungu kisichochomwa.

Akapiga moyo konde, akaazima mtumbwi wa shemeji yake Celestin. Safari hii alisimama ndani ya mtumbwi akiusukuma kwa upondo, akikagua ukuta wa mafunjo kutoka juu hadi pale macho yake yalipofika. Ukuta haukuwa na ufa. Kila alipodhani ameona uwazi, ulikuwa kivuli. Alipotaka kurudi, upepo ulikuwa umesukuma kisiwa cha mafunjo nyuma yake na kufunga mlango alioingilia. Alikatakata mafunjo kwa panga mpaka viganja vikachubuka ndipo akatoka.

Celestin alimkuta ufukweni akipuliza viganja vyake.

"Shemeji, utakufa kwa kutaka kujua," alisema.

"Ziwa lipo. Nimeliona kwa macho."

"Sijakataa. Lakini hapa kijijini kuna mtu mmoja tu aliyewahi kufika. Mbona hujaenda kwake?"

Usiku ule watoto walilala baada ya kunywa uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Kulipokucha Speciose alikwenda.

Alimkuta Kokubanza jikoni akimenya ndizi chache zisizokomaa. Akaanza kusema maneno ya msamaha kwa sauti ndogo, lakini Kokubanza alimkatiza bila kuinua macho.

"Ulinitukana kisimani mbele ya watu, Mama Theoneste. Usiniombe radhi jikoni."

Maneno yale yalimchoma Speciose, lakini aliona yana haki. Jioni, wanawake walipojaa kisimani, alishusha ndoo yake, akamwendea Kokubanza na kupiga magoti mbele yake kwenye tope, kama wapigavyo magoti mabinti wanaposalimia wakubwa. Watu waligeuka kutazama, maana hao wawili walikuwa rika moja.

"Nilisema Mama Kamugisha aliliona ziwa ndani ya kibuyu," alisema, safari hii kwa sauti iliyosikika na wote. "Nilikosea. Nilimdhihaki yeye na marehemu baba yake. Ziwa lipo, nami namwomba anisamehe."

Kokubanza alimshika mkono, akamwinua.

"Simama, usije ukashikwa na baridi," alisema. "Lakini njia siijui. Nilikuwa mdogo."

"Unakumbuka nini?"

"Kidogo sana. Nilikuwa nimelala chali ndani ya mtumbwi, na mafunjo yalipita juu yangu kama paa la nyumba. Vichwa vyake vilinigusa pua, nikapiga chafya. Baba alinikataza kucheka."

"Baba yako alikuwa amesimama na upondo?"

Kokubanza alikunja uso kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali. "Hapana," alisema polepole. "Miguu yake ilikuwa karibu na kichwa changu. Naye alikuwa amelala."

Walitazamana. Siku zote Speciose alikuwa akiutazama ukuta kuanzia juu, kumbe mlango ulikuwa chini.

Kesho yake walitoka pamoja kwa mtumbwi wa Celestin, wakiwa na ndoana chache. Walipofika ukutani walilala kifudifudi, videvu vyao vikiwa karibu kugusa maji, wakausogeza mtumbwi taratibu kwa makafi. Kutoka chini huko dunia ilikuwa nyingine. Yale mafunjo yaliyoonekana kama ukuta yalikuwa nguzo, na kati ya nguzo maji yalipenya hapa na pale. Nyingi za njia hizo ziliishia gizani baada ya mtumbwi kuingia kidogo. Kokubanza alirusha jani katika kila moja na kungoja. Majani yalisimama tu. Ndipo jani moja likageuka, likaanza kuwarudia kana kwamba limetumwa.

"Maji yanatoka huko," alinong'ona.

Waliingia. Mafunjo yaliinama juu yao, yakafunga anga. Walilala chali na kuuvuta mtumbwi kwa kushika mashina, huku mashina yakiwasugua mabega. Mahali fulani walisikia kiboko akikoroma, wakatulia bila kupumua mpaka sauti ikaelekea mbali. Kisha maji yakaisha, mkeka wa mizizi ukaziba njia. Juu ya mkeka kulikuwa na alama za kwato ndefu za nzohe, yule swala anayeishi majini.

"Tusimame tuuburute mtumbwi?" aliuliza Kokubanza.

"Mimi nilisimama juu ya mkeka kama huu juzi, nikatoboa," alijibu Speciose. "Tutambae."

Walitambaa kwa matumbo, wakifuata alama za kwato, wakivuta mtumbwi kwa kamba. Mkeka ulitikisika lakini haukutoboka. Kokubanza, aliyekuwa mbele, aliacha kutambaa ghafla. Speciose alifika ubavuni pake, akasogeza mafunjo ya mwisho.

Ziwa Kabindi lilikuwa pale, pana na tulivu, maji yake yakiwa safi kuliko ya kisima. Mwari walielea kama mashuka yaliyoanikwa. Sato walizungukazunguka kwenye kina kifupi, vivuli vyao vikipita juu ya mchanga. Speciose alitaka kujua yote kwa pamoja: maji yanatoka wapi, yana kina gani, ng'ambo ile kuna nani. Hakuuliza. Alimwona mwenzake akilia bila sauti, akamshika mkono.

"Ni kubwa kuliko nilivyokumbuka," alisema Kokubanza.

Walirudi na sato na kambale, na siku hiyo nyumba zote mbili zilinukia mchuzi. Habari haikufichika. Muda si mrefu Bugomora yote ilikuwa ikivua Kabindi, na njaa ya mwaka ule ikapita kijijini bila kuzika mtoto. Anastazi alirudi kutoka Nyakasimbi, akakuta mkewe ni nahodha.

Siku moja Ramadhani, mfanyabiashara wa samaki kutoka mjini, alifika kutaka kuliona ziwa hilo. Alikuwa amevaa kanzu safi na koti. Mtumbwi ulipokaribia mafunjo alisimama, akashika kofia yake, akachungulia huku na huku.

"Mama, mbona mbele hakuna njia?" aliuliza.

"Lala chini, Bwana Ramadhani," alisema Speciose.

"Na kanzu hii?"

"Na kanzu hiyo. Mimi nilisimama hapo kabla yako, nikaona vivuli tu."

Kokubanza, aliyeshika kafi nyuma, alikohoa kuficha kicheko. Ramadhani alivua koti, akalikunja vizuri, akajilaza taratibu kwenye maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi. Alipogeuza uso karibu na maji, alinyoosha kidole.

"Kumbe ile pale," alisema.

Nao wakaingia. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.