Nakshi za Ukuta wa Mwatime

Ngano, ngano, njoo!
Imeshafika, ikae!
Ikae wapi?
Katikati yetu!

Basi sogeeni, na wewe unayekohoa geukia huko. Hapo kale, kuku walipokuwa bado na meno, palikuwa na wajane wawili chini ya mlima. Mmoja aliitwa Mwatime, mwingine aliitwa Zawena. Nyumba zao zilitazamana mlango kwa mlango. Mwatime akifungua asubuhi, wa kwanza kumwona ni Zawena. Akifunga jioni, wa mwisho kumwona ni Zawena.

Na alichoka kumwona.

Zawena akipika, watu husema, "Loo, harufu hiyo!" Zawena akisuka mkeka, watu husema, "Loo, mikono hiyo!" Zawena akikandika nyumba yake kwa udongo mwekundu, wapita njia husimama na kusema, "Loo, nyumba hiyo!" Kila "loo" ilimkaa Mwatime kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja ikaja habari kutoka ng'ambo ya mlima. Saumu, binti pekee wa Mwatime, amejifungua pacha. Naye alituma maneno haya: "Mama, maziwa yangu hayatoshi wawili. Mmoja akishiba, mwenzake analia. Njoo, na ukija usije mikono mitupu."

Mwatime alikuwa na nini? Alikuwa na nyumba tu, aliyojengewa na marehemu mumewe.

Mungu si Athumani, wiki ile ile akaja mhunzi mmoja, jina lake Mbaruku, na mkewe na watoto watano. Alitafuta nyumba. Atakayemwuzia nyumba atapewa ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Lakini Zawena naye alitaka kuhama, amfuate kaka yake huko huko ng'ambo ya mlima. Nyumba mbili, ng'ombe mmoja.

Desturi ya watu wale ilikuwa hivi: nyumba hainunuliwi kwa siku moja. Mnunuzi huja siku ya jua, huja siku ya upepo, huja siku ya mvua. Jua huonyesha rangi, upepo huonyesha paa, mvua huonyesha mengine yote.

Siku ya jua mhunzi akaja. Akasimama mbele ya nyumba ya Zawena, akasema, "Nyumba hii inacheka!" Akageuka, akasimama mbele ya nyumba ya Mwatime, akagonga mwimo wa mlango kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Akasema, "Nyumba hii imesimama." Akaenda zake.

Mwatime hakulala vizuri. "Ya mwenzangu inacheka, yangu imesimama," akajisemea. "Hata mbuzi husimama! Nikimwacha Zawena achukue ng'ombe, wajukuu zangu watanyonya nini? Kucheka kwa nyumba yake?"

Udongo ule mwekundu Zawena aliutoa wapi? Angemwuliza angeambiwa. Lakini kumwuliza Zawena! Afadhali amwulize mbuzi. Akamchungulia tu, akamwona akirudi na kikapu kutoka upande wa vichuguu. Basi Mwatime akachukua jembe na kikapu, akaenda huko.

Vichuguu vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kimekufa, nje kimepauka, mvua za miaka zimekilainisha, wekundu umebaki ndani tu alikochimba Zawena. Cha pili kilikuwa kirefu, chekundu kama pilipili, na kilikuwa na wenyewe. Mwatime akakichagua chekundu.

Akapiga jembe mara ya kwanza. Sauti nyingi ndogo zikatoka ndani:

"Mwanamke mwenye jembe,
wachukua udongo au wachukua watu?
Tukifika kwako tutakaa wapi?"

Mwatime akajibu, "Kaeni mtakapo, mradi nyumba yangu ipite ya Zawena."

Akapiga jembe mara ya pili.

"Mwanamke mwenye jembe,
wachukua udongo au wachukua watu?
Tukifika kwako tutakula nini?"

"Kuleni mtakachokikuta, mradi nyumba yangu ipite ya Zawena."

Akapiga jembe mara ya tatu, chini kabisa, kwenye udongo mbichi. Safari hii ikatoka sauti moja tu, nene na ya taratibu. Alikuwa malkia wa mchwa mwenyewe.

"Mwanamke mwenye jembe,
wachukua udongo au wachukua watu?
Tukifika kwako tutatoka lini?"

"Msitoke!" akasema Mwatime, jasho likimtoka. "Mradi nyumba yangu ipite ya Zawena."

"Tumesikia," akasema malkia. Akaingia kikapuni na watu wake.

Mwatime akakandika kutwa nzima. Akakandika nje, akakandika ndani, akasawazisha kwa kiganja mpaka ukuta ukang'aa. Baada ya siku tatu, ukutani kukatokea mistari. Mistari myembamba ya udongo iliyopanda kutoka chini, ikajikunja, ikagawanyika, ikakutana tena juu ya mlango. Mwatime hakuichora. Aliamka akaikuta.

Majirani wakaja kutazama. "Loo! Bibi wee, nakshi hizi umezichora na nini?"

Ile "loo" ilikuwa ya kwanza kwake. Ilimshuka kooni kama asali. Akainua kidole cha shahada. "Na hiki hapa," akasema.

Jioni Zawena akavuka uwanja. Akainama, akaitazama mistari kwa karibu, akaigusa kwa ukucha.

"Mama Saumu," akasema taratibu, "hizi si nakshi. Hizi ni njia. Ndani yake kuna watu wanatembea."

"Ehee!" Mwatime akapiga makofi. "Nilijua tu! Umeona nakushinda, sasa roho inakuuma."

"Shoga, zibomoe leo, zingali changa. Nitakusaidia. Kuna majivu kwangu, tutamwaga—"

"Kamwage kwako! Wivu mbaya, Zawena. Utakukondesha."

Zawena akarudi kwake. Mwatime akamsindikiza kwa macho, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mgongo bila kuumia.

Siku ya upepo mhunzi akaja. Paa la Zawena likatulia. Paa la Mwatime likatulia. Mhunzi akazitazama nakshi, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Mama, nyumba yako imevaa!" Alikuwa na haraka siku ile, hakugonga mwimo. Akasema, "Tuonane mvua ikinyesha." Mwatime akafunga kamba ya ng'ombe moyoni kabla hajaishika mkononi.

Na usiku, akilaza sikio kwenye mto wa kitanda chake, alisikia. Kwar, kwar, kwar. Vinywa vingi vidogo ndani ya ukuta. Akawauliza, "Mnafanya nini?" Wakamjibu, "Tunakula tulichokikuta." Akavuta shuka hadi kichwani, maana kesho majirani wangekuja tena kusema "loo".

Miezi miwili ikapita. Mvua ikanyesha asubuhi, jua likachomoza kidogo, na mhunzi akaja na mkewe na watoto wake watano.

Hawajaketi, ukuta ukafunguka. Kila nakshi ikatoboka tundu, na kila tundu likatoa kumbikumbi. Mamia! Maelfu! Wakajaa chumba, wakaingia masikioni, wakamwangukia mke wa mhunzi kifuani.

"Kumbikumbi! Kumbikumbi!" watoto wakapiga kelele kwa furaha. "Baba, nunua hii! Nyumba yenye kitoweo chake!"

Mhunzi akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akauendea mwimo wa mlango, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Pu, pu, pu. Kama kibuyu. Akausukuma kidogo tu, kidole kikazama ndani ya mti.

"Watoto, nje," akasema.

Walitoka, na Mwatime akavutwa mkono, akatoka wa mwisho. Nguzo ya katikati ikainama kama mzee anayetafuta kiti, paa likakaa chini juu yake. Ukuta mmoja ulibaki, wenye nakshi.

"Mama," akasema mhunzi, "siku ile ya jua nilishaichagua yako. Nina watoto watano. Nyumba inayocheka ni nzuri, lakini iliyosimama ndiyo niliyoitaka."

Mwatime akaupiga ukuta ule kwa viganja. "Tokeni! Mmeniua, tokeni!"

Malkia akajibu kutoka ndani, taratibu kama zamani: "Ulisema tukae, tumekaa. Ulisema tule, tumekula. Ulisema tusitoke."

Basi ng'ombe na ndama wake wakaenda kwa Zawena. Asubuhi ya kuondoka, Zawena akamjia Mwatime kwenye kibanda cha makuti alimojishikiza.

"Mama Saumu, twende wote. Njia ni moja."

Mwatime akaitazama ile kamba mkononi mwa mwenzake. "Nenda na ng'ombe wako," akasema, akageuza uso.

Akabaki. Akala mihogo ya kuchoma, akahesabu miezi. Siku moja akapita mchuuzi wa chumvi kutoka ng'ambo ya mlima.

"Wajukuu zako wamenawiri, bibi! Wote wawili. Wanakunywa maziwa ya bibi yao."

"Bibi yao yupi?"

"Bibi Zawena. Kila asubuhi huwapelekea kibuyu."

Lo! Nyumba ilimwangukia Mwatime mara moja, lakini neno lile lilimwangukia kutwa, na kucha, na kesho yake. Mwisho akajifunga kibwebwe, akapanda mlima kwa miguu, siku tatu.

Alipofika, watoto wawili walikuwa wakitambaa mbele ya nyumba ya Saumu. Zawena amekaa kati yao, kibuyu mapajani. Mwatime akasimama mbali. Akatafuta kosa. Akatazama kanga ya Zawena, akatazama kibuyu, akatazama namna alivyomshika mtoto. Hakuona kosa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Saumu akatoka ndani, akamwona mama yake, akasimama mlangoni. Lakini Zawena akainuka, akawanyanyua watoto, akawageuza.

"Mtazameni huyo," akawaambia. "Huyo ndiye bibi yenu. Mimi ni jirani yake tu."

Akampa mmoja. Mwatime akampokea, akampakata.

"Mzito," akasema kwa sauti ndogo.

"Mzito kweli," akasema Zawena. "Shika na huyu, mkono wangu unakufa ganzi."

Je, wivu ulikufa siku ile? Aa, mimi siwadanganyi. Wivu haufi kwa siku moja. Lakini Mwatime alikuwa na mtoto huku na mtoto huku, wivu ukatafuta pa kukaa, usipapate.

Anayejenga ili ampite jirani hukaribisha wageni asiowajua, na anayemwambia jirani "roho inakuuma" aishike kwanza yake mwenyewe.

Ngano yangu nimeifikisha hapo. Iliyo tamu bebeni, iliyo chungu niachieni nichemshe dawa. Na mwenye kupenda kumbikumbi aende kwenye ukuta ule. Mimi nilikwenda, nikala nikashiba, wakanidai kodi.