Beseni la Kumi

Mtu anaweza kukaa miaka mingi bila kumhitaji mkunga. Akimwona njiani, humwona mama tu wa mikono mikavu, hana cheo wala fahari. Lakini uchungu ukishaanza, mikono ileile ndiyo huitwa mbiombio. Ndiyo maana wahenga walituonya tuchunge ndimi zetu maadamu haja haijaisha duniani. Meneja alikuwa ameusikia usemi huo tangu utotoni, ila kusikia si kuelewa.

Jina la Meneja alijipa mwenyewe, siku alipokabidhiwa mabwawa manne ya perege aliyoyaacha marehemu baba yake. Ndugu zake hawakuutaka ufugaji huo. Dada yake mkubwa alimwambia mbele ya wote, "Tunakupa msimu mmoja, mdogo wangu. Ukipata mnunuzi wa kudumu, mabwawa yabaki. Ukishindwa, tunamuuzia mwenye tanuri la matofali, ayafukie."

Mnunuzi alikuwa mmoja tu, mpishi mkuu wa chuo kilichokuwa jirani. Alikuja, akanyoosha mkono wake mpana na kusema, "Sina maneno mengi. Chuo kikifunguliwa, nataka samaki wa kunijaza kiganja hiki. Nikiwapata, nitachukua kwako kila wiki."

Kazi ya kuwalisha samaki ilikuwa ya shangazi, dada wa marehemu. Nyuma ya banda alipanga mabeseni kumi, kila moja likiwa limefunikwa kwa chandarua. Kila asubuhi alisukuma toroli hadi sokoni, akarudi na maganda ya viazi na matunda yaliyooza. Katika mabeseni hayo walitaga nzi weusi wembamba, wasiouma mtu wala kusumbua jikoni, na mayai yao yakaanguliwa kuwa funza wanono. Shangazi aliwavuna, akawaanika juani, akawasaga pamoja na pumba. Samaki walikua kwa mwendo wa kobe, lakini walikua.

Alivuna mabeseni tisa tu. La kumi hakuligusa, hata akiba ikipungua namna gani. Funza wake waliachwa wageuke nzi ili watage tena. "Hili ndilo la mbegu," alizoea kusema, kisha akainamisha kichwa. "Ee Mola, lisipungue." Halafu alicheka na kuongeza, "Hata mimi nikipungua."

Meneja aliyaonea haya mabeseni yale. Siku moja akaja wakala wa chakula cha samaki, shati limenyooka kama karatasi, akamwaga bwawani konzi ya chembe za mviringo. Perege walizirukia hadi maji yakachemka.

"Umeona?" wakala alisema. "Hawa ni dagaa watupu wa ziwani, tumewasaga. Samaki hula samaki, Meneja!"

"Na dagaa wakiisha, baba?" shangazi aliuliza.

"Waishe? Mama, ziwa lile lina dagaa kuliko nywele zako."

"Nywele zangu nazo zilikuwa nyingi," shangazi alijibu, akigusa kitambaa chake kichwani.

Wakala alicheka, kisha akaziba pua. "Lakini Meneja, mpishi akija akakuta funza hawa, atanunua kweli?"

Maneno hayo yalimchoma Meneja kama mwiba. Wakala alipoondoka tu, akamgeukia shangazi yake. "Toa uchafu huu hapa!"

"Nunua chakula chako, mwanangu, sikukatazi. Niachie beseni moja tu."

"Hata nusu! Watu wanakuita Mama Funza, na mimi mtoto wa Mama Funza. Nimehudhuria semina tatu mimi! Nifundishwe kazi na mwanamke anayefuga nzi?"

Akachemsha sufuria la maji kwa mikono yake mwenyewe, akayamwagia mabeseni moja baada ya jingine. Kwenye la kumi, shangazi alishika chandarua kwa mikono miwili. Wakatazamana. Kisha akakiachia.

"Haya, mwanangu. Mungu akuongoze," alisema. Siku hiyohiyo alifunga mzigo wake, akavuka daraja kwenda kukaa kwa binti yake.

Kwa miezi miwili Meneja alitembea kifua mbele. Samaki walinenepa na maji yalinukia vizuri. Kumbe wafugaji wote wa pande zile walikuwa wakinunua magunia yaleyale, na ziwa lilikuwa moja. Nyavu zilikokota dagaa wakubwa, zikarudi zikakokota hata wachanga. Mwishowe uvuvi ukafungwa.

"Vumilia, mzigo uko njiani," wakala alisema kwenye simu wiki ya kwanza. Wiki ya tatu sauti yake ilikuwa nyingine. "Dagaa hakuna, ndugu yangu. Nisage nini, mawe?"

Meneja aliwapa samaki pumba tupu. Wakakonda, vichwa vikabaki vya watu wazima, miili ya watoto. Hapo ndipo alipovuka daraja.

Alimkuta shangazi uani, akimenya viazi. Akapiga magoti vumbini. "Shangazi, nimekosa. Nisamehe. Nipe mbegu."

"Inuka. Nilikusamehe siku ileile, kabla sijafika darajani. Nilimwomba Mungu aniondolee kinyongo, akaniondolea." Kisu kilisimama juu ya kiazi. "Lakini mbegu sina. Ulizichemsha."

"Hata kidogo?"

"Ulifika mpaka la kumi, mwanangu."

Hata hivyo alirudi naye. Alipanga mabeseni upya, akatia maganda, akaacha upenyo kwenye vyandarua, akasubiri nzi wa porini. Meneja alizunguka banda, akichungulia kila saa. "Watakuja lini?"

"Nzi haitwi kwa simu," shangazi alijibu. "Omba, kisha usubiri."

Mpishi ndiye aliyetangulia. Alimlaza perege mmoja kiganjani, akamtazama kwa muda mrefu. Vidole vyote vitano vilionekana. "Pole sana," alisema, akamrudisha samaki majini taratibu, kana kwamba anamlaza mgonjwa. Akaondoka.

Dada mkubwa hakugomba. Angegomba, pengine Meneja angepata pa kujitetea. Alileta tu mwenye tanuri, wakapima ardhi kwa hatua. Maji yakafunguliwa, malori ya udongo yakaanza kuingia.

Udongo ulikuwa umefika bwawa la nne shangazi alipofunua chandarua na kuita kwa sauti ndogo, "Njoo uone."

Kwenye ukingo wa beseni kulikuwa na mayai, meupe na membamba, kama chenga za mchele. Mola alikuwa amejibu. Meneja aliyatazama, kisha akageuka kutazama lori likiinua mgongo na kumwaga mzigo wake mahali ambapo baba yake alichimba kwa jembe la mkono. Shangazi alifunika beseni, akaenda kunawa mikono yake mikavu, ile ambayo sasa haikuwa na samaki wa kulisha.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.