Nguchiro na Fisi wa Madirisha Matatu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa barabara!
Ya nani?
— Ya wote!
Na anayepita?
— Mwenye stika!

Basi sogeeni. Hapo kale, lakini si kale sana, maana magari yalikuwa yamekwisha kuingia nyikani, palikuwa na Nguchiro aliyefanya kazi ng'ambo ya mto mkubwa. Kazi yenyewe ilikuwa kulinda mayai ya mbuni yasiliwe na nyoka. Mbuni walimlipa vizuri, nusu kwa kuwafukuza nyoka, nusu ili naye asiyale.

Kwa jasho la misimu mitatu Nguchiro alinunua gari, akalipeleka nyumbani. Si la fahari. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na likiwaka lilikohoa, durrr-koh! durrr-koh! Lakini kila juma dada yake, Siwatu, alimpakia mama yao akampeleka chemchemi ya maji moto, maana mama alikuwa na nyonga mbovu, na maji yale ndiyo yaliyomwezesha kusimama.

Siku moja Siwatu akapiga simu.

"Kaka, ukaguzi wa gari umeisha. Na ushuru wa barabara umeisha."

"Si uende ukalipe, dada?"

"Nimekwenda. Fisi wa ofisi ya magari anasema aje mwenye gari mwenyewe. Sasa amebandika karatasi kwenye kioo: zikipita siku saba, gari linataifishwa. Leo ya nne. Na mama hainuki."

Nguchiro akaomba ruhusa ya siku tatu, akafunga mzigo, akavuka mto.

Asubuhi akafika ofisini. Palikuwa na madirisha matatu, na nyuma ya madirisha yote alikaa Fisi mmoja. Dirishani pa ushuru alivaa kofia nyekundu. Pa ukaguzi, kofia ya bluu. Pa stika, kofia ya kijani. Alihama kwa kusukuma kiti chenye magurudumu, kwiii!

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kulipa ushuru," alisema Nguchiro kwenye dirisha la kwanza.

"Marahaba. Cheti cha ukaguzi kiko wapi? Bila ukaguzi hakuna ushuru. Dirisha la pili."

Kwiii! Kofia ya bluu.

"Shikamoo, mzee. Naomba gari langu likaguliwe."

"Marahaba. Liko wapi?"

"Nyumbani."

"Lilete."

"Nililete kwa njia gani?"

"Kwa barabara. Lakini bila stika hakuna barabara. Dirisha la tatu."

Kwiii! Kofia ya kijani.

"Shikamoo, mzee. Naomba stika."

"Marahaba. Ushuru umelipa? Bila ushuru hakuna stika. Dirisha la kwanza."

Nguchiro akazunguka mara moja, akazunguka mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Basi mzee, njoo ulikague nyumbani."

"Mkaguzi hazunguki majumbani kama muuza vitumbua."

"Basi lori la Mbweha lilibebe lije."

"Lori la Mbweha hubeba yaliyotaifishwa tu. Halafu wewe, bwana mdogo, ndiye nani hasa?"

"Ndimi Nguchiro, mwenye gari."

Fisi akafunua daftari, akalamba kidole. "Nguchiro yuko ng'ambo. Imeandikwa. Aliye ng'ambo hawezi kuwa hapa."

"Lakini mzee, si unaniona?"

"Macho yangu si hati. Leta barua ya kuthibitisha kwamba umerudi. Hutolewa na ofisi ya ng'ambo, kwa anayekwenda mwenyewe kuichukua." Fisi akacheka, hi-hi-hiii!

Tusiharakishe kumlaumu Fisi. Kiti kile, kwa magurudumu yake na kofia zake, kingeweza kumfanya hata Swala aote mabaka.

Nguchiro akatoka, akaketi kwenye ukuta wa daraja lililotazamana na yadi ya Fisi, pa kukagulia magari na kuyafungia yaliyotaifishwa. Mchana kutwa akatazama. Aliyaona magari ya wenzake yakiletwa yamepakatwa juu ya lori la Mbweha, magurudumu yananing'inia hewani, na lango likifunguliwa bila swali. Akaliona na gari la Kima, lililokuja kwa magurudumu yake, likitimuliwa. Aliyelitimua ni Kasuku, bawabu, aliyekaa juu ya nguzo ndefu na kamba ya lango mdomoni. Kila aulizapo swali aliibana kamba kwa ukucha.

"Stika iko wapi?" Kasuku aliuliza, kwa sauti ileile ya Fisi. "Asiye na stika haingii, hata akija mama yangu mzazi!"

"Mama yako yuko wapi?" Kima alimdhihaki.

"Hata akija mama yangu mzazi!"

Ndivyo Fisi alivyomfundisha, neno kwa neno, na Kasuku hakuwa na maneno mengine, ila "Stika ipo! Pita!" kwa mwenye nayo.

Nguchiro akarudi nyumbani. Alikuwa amemletea mama paja la nyati lililokaushwa kwa moshi. Jioni ile wakalila lote, mama akatafuna kwa kuegemea mto. Kitambaa kilichofungia nyama kilikuwa kimelowa mafuta chepechepe. Nguchiro akakikunja, akakiweka ndani ya buti la gari, akafunga.

"Unafunga harufu?" Siwatu aliuliza.

"Harufu inatosha, dada. Mwenye njaa huongeza nyama mwenyewe."

Siku ya saba ikafika. Nguchiro akaenda dirishani, mabega yameshuka.

"Shikamoo, mzee. Nimeshindwa. Lichukue gari, ufunguo wake huu."

"Marahaba. Umekua, bwana mdogo."

"Ila nina ombi. Mwambie Mbweha asilitikise lori. Ndani ya buti nimeacha paja la nyati la moshi. Ufunguo wa buti sijui nimeuweka wapi, nikiuona nitakuletea yadini."

Fisi akameza mate, gluk. "Paja zima?"

"Zima, na mfupa wake."

"Mbweha ana pua ndefu," alisema Fisi taratibu.

"Ndefu sana, mzee."

"Kazi nyeti kama hii haiachiwi dereva. Nitalichukua mwenyewe!"

Akazoa kofia zake tatu na mihuri yake mitatu, maana hakumwamini yeyote wa kumwachia, akatoka mbio. Alipofika nyumbani kwa Nguchiro akalinusa buti, mkia ulimtetemeka. Akawasha. Durrr-koh! Durrr-koh! Gari likashika barabara, na harufu ikafuata nyuma kama shela la bibi harusi.

Tumbusi akaisikia, akashuka. Mbweha akainusa, akaliacha lori lake katikati ya njia. Kicheche, Kenge, na jamaa za Fisi mwenyewe, wote wakafuata. Fisi alipofika langoni, msafara ulikuwa umejaa daraja.

"Fungua!"

"Stika iko wapi?" aliuliza Kasuku.

"Mimi ndiye Fisi! Mkuu wako!"

"Asiye na stika haingii, hata akija mama yangu mzazi!"

"Nitakunyonyoa, we ndege!"

"Hata akija mama yangu mzazi!"

Fisi akaruka, nguzo ikamshinda. Akatikisa lango, lango halikutikisika, maana alilijenga imara yeye mwenyewe. Nyuma yake Mbweha alikuwa ameegemeza pua kwenye buti.

"Mzee," alisema Mbweha, "mle ndani mna nini?"

"Vielelezo vya serikali! Rudi nyuma!"

"Serikali inanukia leo."

Wakacheka. Kisha wakasogea, hatua moja, hatua nyingine.

Fisi akaona paja linamponyoka. Akavaa kofia ya bluu, akalizunguka gari mbiombio, akauona mlango uliofungwa kwa kamba, akasema, "Kamba nzuri," akapiga muhuri, paf! Akavaa kofia nyekundu, akatoa ushuru mfukoni mwake, akajiandikia risiti, paf! Akavaa kofia ya kijani. Hati ya stika iliuliza: je, mwenye gari amefika mwenyewe? Akaandika "Ndiyo", paf! Akabandika stika kwenye kioo.

"Stika ipo! Pita!" alisema Kasuku, akavuta kamba.

Gari likaingia, na umati ukaingia nalo. Ndani, kwenye ngazi za ofisi, Nguchiro alikuwa ameketi, maana aingiaye kwa miguu haulizwi stika.

"Shikamoo, mzee. Ufunguo wa buti huu hapa. Na ufunguo wa gari naomba wangu."

"Wako? Limetaifishwa!"

"Ubao wako hapo ukutani unasema linalotaifishwa ni lisilo na stika. Hili lina stika. Wino haujakauka."

"Nguchiro yuko ng'ambo!" alibweka Fisi.

"Nilikuwa. Lakini umeandika nimefika mwenyewe, ukapiga muhuri. Nakushukuru, mzee, nilikuwa nimeanza kujitilia shaka."

Fisi akautupa ufunguo wa gari, akaunyakua wa buti, akalirukia buti. Akafungua, akachomoa kitambaa, akakikung'uta upande huu, akakikung'uta upande ule. Mbweha akashika ncha moja, Tumbusi akashika nyingine, chaa! kikachanika vipande sita.

Durrr-koh! Nguchiro akapita langoni. Kasuku akaitazama stika, akamwinamishia kichwa. Adhuhuri ile mama alikuwa chemchemini, maji moto yamemfika kiunoni, akimfokea Siwatu kwamba sabuni imeletwa kidogo. Na kesho yake Nguchiro akavuka mto kurudi kwa mbuni wake.

Na Fisi je? Baraza la nyika lilipopekua madaftari, liliona kwamba katika wakuu wote ni yeye peke yake aliyewahi kulipa ushuru wa barabara kwa fedha yake, tena kwa gari lisilo lake. Likampa cheti cha Mlipaushuru Mwema, na dirisha la nne.

Basi, wanangu, funzo ni hili: fuateni utaratibu, msitafute njia za mkato, na mkipewa siku saba mwacheni mkuu ahangaike nazo, maana hakuna anayewapenda raia kama yeye.

Hapo ngano yangu imezima injini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mimi niliyeileta.