Sarafu ya Mpuliza Zumari

Nigonge?
— Gonga!
Nifungue?
— Fungua, tumekaa!
Mlioko nyuma, mnasikia?
— Kuliko wa mbele!

Hapo kale, Ijumaa moja, katika mji wa Kirindo, watu walikusanyika uwanjani kwa Jumbe. Alikuwapo Jumbe Makungu, mwenye mji. Alikuwapo Haji Mngwali, mpiga ngoma. Alikuwapo Bi Kazija, mpiga tari. Alikuwapo Ndaro bin Shoka, mpuliza zumari. Ndaro, si Ndoro, maana Ndoro alikuwa mjomba wake na hakujua hata kupiga mbinja. Alikuwapo Abeidi Kombo, sonara. Na alikuwapo Mishi, mke wa Ndaro, aliyekuja kumsikiliza mumewe.

Kirindo, mpigaji akipendeza hutunzwa. Mtu huinuka, humbandika sarafu kipajini pa uso penye jasho, na wanawake hupiga vigelegele. Kuikataa tuzo ni kumtukana aliyeitoa.

Jumbe akasema, "Nyinyi leo mwapiga kwangu, kesho kwa jirani. Mkiondoka mwaondoka na sauti zenu. Mimi nataka zibaki."

Akainuka na sarafu mpya ya fedha, kazi ya Abeidi. Juu yake palichongwa uso wa Haji Mngwali na ngoma yake. Akambandika Haji kipajini. Vigelegele! Haji akapiga ngoma, ngoma haikulia. Akafungua kinywa; kinywa hakikutoa neno. Jumbe akaibandua sarafu, akaitia katika kijaluba chake cha tambuu, akakitikisa. Ngoma ikalia ndani ya kijaluba.

Ijumaa ya pili, Jumbe akainuka na sarafu yenye uso wa Bi Kazija na tari lake. Akambandika kipajini. Vigelegele, lakini vichache. Bi Kazija akapiga tari, tari halikulia. Akafungua kinywa; kinywa hakikutoa neno. Jumbe akakitikisa kijaluba. Ngoma ikalia, na tari likaitikia.

Mishi akaenda kisimani, ndoo tupu mkononi. Kenge alikuwa amelala juu ya ukingo.

"Mishi, mke wa Ndaro."

"Labeka."

"Ngozi ya ngoma ya Haji ni ya ndugu yangu. Alichunwa, akalia miaka saba. Sasa kimya. Unajua kwa nini?"

"Nieleze, baba."

"Sura ya sarafuni ikibandikwa kwa mwenyewe, humla sauti. Ikiwa si yake, huanguka. Ijumaa ijayo ni zamu ya nani?"

Mishi aliiacha ndoo palepale.

Nyumbani akamwambia mumewe, "Usiende."

"Nisiende? Nikikataa tuzo ya Jumbe mbele za watu, nitapuliza wapi tena? Chooni?"

"Ndaro, nakuomba."

"Mke wangu, nina pumzi tu. Sina shamba."

Basi Mishi akaenda kwa Abeidi Kombo. Akamkuta anapuliza mkaa.

"Shemeji Abeidi, umekwisha kumchonga mume wangu?"

"Bado. Kesho."

"Mchonge mwingine. Zumari iwe zumari, uso uwe wa mtu yeyote."

"Jumbe akigundua?"

"Jumbe huwatazama watu kwa masikio. Uso hajui."

Abeidi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Bi Kazija alikuwa akiniimbia kazini," akasema. "Haya. Nitachonga uso usio na mwenyewe."

Akachonga bila kumtazama mtu. Lakini mkono wa fundi huchonga unachokijua. Siku ya Alhamisi akamwonyesha Mishi sarafu. Mishi akaitazama zumari, akautazama uso: kidevu kifupi, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Akamtazama Abeidi, kidevu chake na jicho lake.

"Amefanana na mtu?" Abeidi akauliza.

Mishi akasema, "Hajafanana na mtu."

Ijumaa ya tatu, Ndaro akapuliza zumari mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Jumbe akainuka. Akambandika sarafu kipajini. Hapakuwa na kigelegele hata kimoja. Sarafu ikateleza, ikaanguka, na zumari ikaendelea kulia.

Jumbe akaiokota, akambandika mara ya pili. Ikaanguka. Mara ya tatu. Ikaanguka.

"Abeidi!" Jumbe akanguruma. "Kazi gani hii? Njoo hapa. Fundi hodari naye hutunzwa, au sivyo, jamani?"

Watu wakacheka, kwa kuwa Jumbe alikuwa akicheka. Mishi akafungua kinywa aseme. Akamwona Ndaro na zumari yake. Akakifunga.

Jumbe akaipiga sarafu kipajini pa Abeidi Kombo. Ikaganda.

Abeidi akamgeukia Mishi. Midomo ikacheza, neno halikutoka. Jumbe akaibandua sarafu, akaitia kijalubani.

Usiku ule Ndaro na Mishi walihama Kirindo. Sarafu nyingine hazikuchongwa, maana aliyejua kuchonga hakuinua nyundo tena. Na Jumbe hakupata usingizi: kila alipofumba macho, ndani ya kijaluba ngoma ililia, tari likaitikia, na nyundo ndogo ya sonara ikagonga, ko, ko, ko, kama mtu anayeomba kufunguliwa.

Ndaro alipuliza zumari katika miji mingi. Mishi hakwenda tena kumsikiliza.

Fundisho lake ni hili: anayemwokoa mtu wake aulize ni nani anayeachwa mahali pake. Nimegonga, nimefungua, sasa nafunga. Na mwenye sarafu asinibandike kipajini, anitilie mkononi.

Na Abeidi Kombo? Alikufa Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa, bila sauti yake.