Waziri Aliyehamia Nyumba Tisa

Hapo zamani, katika mji wa Shungani, Sultani Hamadi alipigisha mbiu ya mgambo: mwezi ukiandama, hapana mpangaji atakayetolewa nyumbani bila sababu, ila ikiwa mwenye nyumba ataka kukaa humo mwenyewe. Zilikuwa zimesalia siku saba, na wenye nyumba wakaanza kujiandaa kuwa watu wema, kana kwamba wema ni maradhi yasiyokuwa na dawa. Aliyejiandaa kuwapita wote ni Waziri Tamimu, mwenye nyumba tisa za kupangisha na jumba la ghorofa la kulala. Alikwenda kwa kadhi, akaapa kwamba zote tisa azitaka akae mwenyewe, na wapangaji watoke upesi; kumbe alitaka kuzipangisha upya kwa kodi kubwa bila lawama ya Sultani. Kadhi akaandika, kwani ni nani amwulizaye waziri ana viwiliwili vingapi?

Basi katika wapangaji hao alikuwako Mbwarahaji, msuka mikeka, fukara aliyeitwa mpumbavu kwa sababu aliamini kila aambiwalo na wakubwa. Mkewe, Mwana Nuru, alikuwa na mimba pevu.

"Nitajifungulia wapi, mume wangu?" akalia. "Njiani?"

"Nyamaza, mke wangu. Mheshimiwa anahamia kwetu. Si uungwana ahame peke yake."

Ikawa kesho yake, Waziri alipokuwa kwa Sultani akisifu sheria mpya, Mbwarahaji akawakusanya wapangaji wa nyumba zote tisa, wakaenda jumbani kwa Waziri, wakapiga hodi. Akatoka Bi Mwanaharusi, mama mkwe wake Waziri.

"Shikamoo, Bibi. Mkweo ameapa kwa kadhi kuwa anahamia kwetu. Tumekuja kubeba vyombo."

"Marahaba, wanangu. Na mimi sikuambiwa! Haya, bebeni."

Wakagawana kwa haki: nyumba hii kitanda, ile godoro, nyingine mito, na ya mwisho ikapata kiatu kimoja na birika. Bi Mwanaharusi aliposikia habari ya Mwana Nuru, akasema mja mzito haachwi peke yake, akajitwika furushi lake la nguo, akamfuata nyumbani kwake.

Waziri akarudi akakuta kuta. Akakimbia kwa Sultani akipiga ukelele wa wezi, na Mbwarahaji akaitwa.

"Maulana," akasema, "waziri wako ameapa kukaa nyumba tisa kwa pamoja. Mwili wake hatukuthubutu kuugawa, tukaanza na vyombo. Kama tumekosea, tufundishwe mwili huo hukatwa vipi."

Sultani akacheka hata akashika mbavu. "Tamimu, kalale kote ulikoapa, au sema hapa kuwa umeapa uongo, nami nianze kukumbuka ulivyoniapia mimi."

Waziri akapiga magoti. "Wapangaji wabaki, Maulana. Nimeapa uongo."

Vyombo vikarudi siku ile ile, ila mama mkwe hakurudi. Siku ya tatu Waziri akaenda mwenyewe kwa Mbwarahaji, akavua viatu mlangoni, akainamisha macho kama ilivyo adabu kwa mkwe. Ndani kitoto kichanga kilikuwa kikilia.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kukuchukua."

"Nina mzazi humu, na arubaini yake haijatimia," akajibu Bi Mwanaharusi. "Wataka kunitoa kwa sababu gani?"

Waziri akavaa viatu vyake akaenda zake.