Mlinzi Mkuu wa Ngitili

Kiangazi kile nyasi zilibaki kwenye ngitili tu, malisho yaliyohifadhiwa na kijiji kizima. Tajiri Luhende akaswaga ng'ombe mia tatu hadi langoni.

"Fungua!" alimfokea Holo, mjane aliyelinda.

"Ufunguo hukaa na Mlinzi Mkuu, baba. Nafasi hiyo iko wazi: kuwa mbia wetu, uchukue cheo hicho na ufunguo wake. Nikusomee mkataba?"

"Wa nini? Lete kalamu!"

Alitia sahihi mbele ya wanakijiji, akanyakua ufunguo, akaingiza kundi lote huku akicheka.

Ndipo Holo akasoma kwa sauti: "Mifugo ikiingia ngitilini bila idhini ya kijiji, mwenye mifugo atatozwa ng'ombe kumi, na Mlinzi Mkuu ishirini kwa uzembe."



"Mwenye mifugo tutamtafuta baadaye, baba," alisema Holo. "Leo tunaanza na mlinzi."